Soda ya Kupima

Katika maduka ya Bariadi, mkoani Simiyu, karibu kila kitu kinauzwa kwa kupima. Mafuta ya kula huchotwa kwa kikopo kutoka kwenye dumu la lita 20, sukari hufungwa robo robo, dagaa huwekwa mafungu, na mama mwenye mia tano haondoki mikono mitupu. Soda peke yake imegoma kuingia katika utaratibu huo. Soda ni chupa nzima. Mtoto akija na mia mbili, mwenye duka hana namna ya kumkatia theluthi ya chupa na kuiweka iliyobaki, kwani kizibo kikishang'olewa gesi huanza kutoka, na atakayekuja jioni ataambulia maji ya sukari.

Ndiyo sababu wazo la mashine ndogo ya kumimina soda, inayopokea sarafu na kujaza kikombe yenyewe, limenikaa kichwani kwa muda mrefu. Nina maana ya mashine ambayo fundi wa simu wa pale mjini anaweza kuiunda kwa mikono yake: kompyuta ndogo ya Arduino isiyozidi kiganja, vali mbili tatu za umeme, pampu ya volti 12, mpira wa plastiki na kifaa cha kutambua sarafu. Vitu hivi vinaagizwa Dar es Salaam na kupanda basi hadi Bariadi pamoja na mizigo mingine. Programu ya kuviendesha mtu anajifunza kwenye simu yake. Kuiunda inawezekana, sina shaka. Ninachojiuliza ni kama itapima kwa haki.

Mashine ya kuuza kinywaji ina umri mkubwa kuliko tunavyodhani. Katika karne ya kwanza Hero wa Alexandria, kule Misri, alieleza chombo cha hekaluni kilichouza maji ya kunawa: sarafu iliangukia kwenye mkono wa chuma, uzito wake ukafungua njia ya maji, nayo yakatiririka mpaka sarafu ilipoteleza na kudondoka. Katika zama zetu, wakazi wa Nairobi na miji mingine ya Kenya wamezoea ATM ya maziwa. Mteja anakuja na chombo chake, anabonyeza kiasi cha fedha alichonacho, maziwa baridi yanashuka. Mafuta ya kupikia nayo yakapata ATM yake. Huku kwetu Tanzania vipo vioski vya maji ambavyo mwanakijiji analipa kabla na kuchota kwa kadi. Lakini maziwa, mafuta na maji ni vitu vitulivu. Ukivifungulia vinashuka, ukivifunga vinakoma, na ujazo wake unaonekana kwa macho. Soda haina utulivu huo, na hapo ndipo ugumu wote ulipo.

Kinachoifanya soda iwe soda ni gesi ya kaboni dioksidi iliyolazimishwa kukaa ndani ya maji. Mwingereza Joseph Priestley aliligundua jambo hili mwaka 1767 mjini Leeds, alipokuwa akiishi jirani na kiwanda cha pombe: aliona kwamba hewa inayoelea juu ya pombe inayochachuka ikiingia kwenye maji huyapa ukali mtamu. Mtu yeyote wa Usukuma aliyewahi kuinamia mtungi wa pombe ya mtama iliyoanza kuumuka ameiona hewa hiyo ikitoa mapovu, na hamira na sukari ndani ya chupa huitoa hivyo hivyo. Gesi ya viwandani hapa nchini ina asili yake pia. Kampuni ya TOL Gases, iliyokuwa ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, huivuna kutoka ardhini wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, mahali ambapo milima ya volkano bado inapumua. Wakenya wana Carbacid, nayo huichota ardhini. Lita moja ya soda inahitaji gramu saba hivi za gesi, kwa hiyo kilo moja, hata ukihesabu inayopotea, inatosha kwa makumi ya lita. Kwenye hesabu ya mashine hii gesi si mzigo mkubwa, na maji ndiyo yenye uzito. Kreti la soda linalotoka Mwanza, likapita Magu na Lamadi hadi kufika Bariadi, limebeba maji na kioo, na chupa tupu zinarudi njia ileile. Ukiweza kutia gesi palepale mjini, unachosafirisha ni mtungi wa gesi na shira.

Joto ni adui wa kwanza. Ingia kwenye duka lolote la Bariadi saa nane mchana, useme, "Mayu, naomba soda." Jibu utakalopata ni swali: "Ya baridi au ya moto?" Wapo wanaoitaka ya moto, hasa wazee wanaochunga kifua, na chupa inawavumilia kwa sababu kizibo kinaishikilia gesi hadi dakika ya mwisho. Mashine haina kizibo. Maji ya nyuzi 5 yanabeba karibu mara mbili ya gesi inayobebwa na maji ya nyuzi 25 kwa shinikizo lilelile. Fundi akijaribu kutia gesi kwenye maji ya nyuzi 30 itambidi apandishe shinikizo zaidi ya mara mbili, na soda ikifika kwenye kikombe italipuka povu na kubaki imepooza. Anayetaka kuunda mashine hii aanze na ubaridi, sarafu na skrini vifuate. Kupoza lita 20 za maji kutoka nyuzi 30 hadi 5 ni kazi ambayo friji nzuri inaweza kuifanya kwa chini ya uniti moja ya umeme wa LUKU. Ubaridi ukishapatikana ulindwe. Tanki lifungwe kwenye kasha lililojazwa kitu kinachozuia joto, na katika mkoa wa pamba sioni kwa nini masalia makavu ya jinari yasifanye kazi hiyo.

Adui wa pili ni haraka. Soda iliyo chini ya shinikizo ikitolewa ghafla kwenye hewa ya kawaida inatibuka. Mafundi wa zamani walipata dawa rahisi ya jambo hili: mpira mwembamba na mrefu kati ya tanki na bomba la kumiminia, ili shinikizo lishuke taratibu njiani. Kikombe nacho kiinamishwe, soda ipite ubavuni badala ya kudondoka katikati. Mpira wa aina hii ni wa bei ndogo kuliko kifaa kingine chochote kwenye mashine, na nadhani ndio wenye maana kuliko vyote isipokuwa kimoja, ambacho nakuja kukieleza.

Wengi wanaounda mashine za vinywaji hupima kwa kifaa chenye gurudumu dogo la plastiki ndani yake. Maji yakipita, gurudumu linazunguka, kompyuta inahesabu mizunguko na kuigeuza kuwa mililita. Kwa maji matupu kinafaa. Pitisha soda ndani yake uone: mapovu nayo yanalisukuma gurudumu, kompyuta inahesabu hewa kama kinywaji, na mteja analipia mililita 200 huku kikombe kikiwa na 150. Hakuna aliyekusudia kuiba, lakini mteja ameibiwa. Ukibadili mbinu na kupima kwa muda wa kufungua vali, unaangukia tatizo jingine, maana shinikizo la mtungi, joto la mchana na kiasi kilichobaki ndani ya tanki vyote hubadili kasi ya soda. Wa kwanza asubuhi atapata kikombe kilichojaa, wa mwisho atapata nusu.

Hapo ndipo mashine hii inapogusa historia ya Simiyu yenyewe. Watu wa huku wamefundishwa mizani na pamba. Kabla ya Uhuru, Bariadi ya leo ilikuwa ndani ya wilaya ya Maswa, katika Jimbo la Ziwa, na mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi ambaye ndiye mwenye mizani, ndiye anayeisoma na ndiye anayelipa. Malalamiko ya kupunjwa yalipozidi, mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, wasimame pale na kuhakiki uzito kabla gunia halijaenda kwa mnunuzi. Fikiria hatua ile ilikuwa kubwa kiasi gani. Mkulima asiyejua kusoma alichanga fedha ili awepo mtu wa upande wake mbele ya mizani. Kutokana na vuguvugu hilo Paul Bomani na wenzake waliunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952, na kufikia mwaka 1955 vyama vya ushirika vya kanda nzima vilikuwa vimeungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo ilikuja kuhesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Bomani mwenyewe akaja kuwa waziri wa fedha wa Tanganyika huru. Yote hayo yalianzia kwenye mshale wa mizani.

Kumbukumbu hiyo haijafa. Kila msimu wa pamba, kuanzia Mei magunia yanapoanza kufika kwenye vyama vya ushirika vya msingi, yaani AMCOS, utasikia habari za mizani: nani kachezea, nani kamwagia pamba maji au kaitia mchanga, gunia tupu limetolewa kilo ngapi. Tangu mwaka 2002 tuna Wakala wa Vipimo, ambao wakaguzi wake huhakiki mizani za sokoni na pampu za mafuta na kuzibandika stika, na hao hao ndio wanaopambana na lumbesa, yaani magunia yanayojazwa kupita kipimo. Watu waliopitia haya hawatakubali kikombe kilichojaa povu. Mtu atakiinua juu, atakiangalia dhidi ya mwanga, atasubiri povu lishuke, na akiona kimepungua hatarudi tena, na kijiji kizima kitajua kabla ya magharibi.

Chupa ya kioo ilikuwa imelimaliza suala hili. Chupa ikiwa imefungwa, waziri na mchunga ng'ombe wananunua kipimo kilekile. Yeyote anayeivunja chupa hiyo ili auze soda kwa kupima ana deni la kurudisha uhakika aliouondoa.

Na namna ya kuurudisha ipo, tena haigharimu sana. Ni mizani. Kinatafutwa kipande cha alumini chenye urefu wa kidole cha kati, kilichotobolewa matundu mawili yaliyoungana katikati, na juu yake kuna gundi nyeupe iliyofunika nyuzi nyembamba zisizoonekana. Nyaya nne zinatoka ubavuni: nyekundu, nyeusi, nyeupe na kijani. Ukikifunga upande mmoja na kukigusa upande wa pili kwa ncha ya kidole, alumini inapinda kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na namba kwenye skrini zinabadilika. Hiki ndicho kifaa kilichomo ndani ya mizani nyingi za kidijitali. Kiweke chini ya kikombe. Povu halina uzito wa kutajika, kwa hiyo haliwezi kuidanganya mizani kama lilivyolidanganya gurudumu. Kikombe kinawekwa, mashine inasoma uzito wake na kuutoa, kama AMCOS inavyotoa uzito wa gunia. Kisha inamimina, inanyamaza povu litulie, inaangalia uzito, inaongeza kidogo, inaangalia tena. Mililita 200 za soda yenye sukari zina uzito wa gramu 208 hivi. Namba ikifika hapo vali inafungwa, hata kama juu kuna povu la kuziba pua.

Skrini igeuziwe mteja. Jambo hili nalishikilia kwa nguvu, kwa sababu nimeona mashine nyingi ambazo namba zake zinasomwa na mwenye mashine peke yake. Asiyejua kusoma anaweza kuwekewa taa zinazowaka moja baada ya nyingine kadiri kikombe kinavyojaa. Na kama umeme utakatika katikati ya kumimina, mashine ikumbuke kwamba ilikuwa inadaiwa na imalizie deni umeme ukirudi.

Kuhusu maji, fundi wa Simiyu ana kazi ambayo fundi wa Dar es Salaam hana. Meatu na sehemu za Maswa zina visima vyenye floridi nyingi, ile inayoyatia meno ya watoto rangi ya kahawia na, ikizidi kwa miaka mingi, kuiharibu mifupa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua na floridi inabaki ileile. Chujio la kawaida la mshumaa haliiondoi pia. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuiondoa kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe, na Wasukuma hawajawahi kukosa ng'ombe. Soda ya chupa ilikuja na maji yaliyosafishwa kiwandani. Soda ya mashine itatumia maji ya palepale, kwa hiyo kabla ya kununua vali, mtu apeleke sampuli ya maji maabara. Penye maji ya Ziwa Victoria kazi inakuwa nyepesi, ingawa bado yanatakiwa kuchujwa na kutiwa dawa.

Maji yenye gesi ni tindikali. Yakilala usiku kwenye kiungio cha shaba yanaimega shaba na kuibeba hadi kwenye kikombe cha asubuhi, na watu wamewahi kutapika kwa sababu hiyo. Viungio vya shaba vimejaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na bei yake inavutia. Visitumike. Plastiki ya chakula au chuma kisichoshika kutu, basi. Mipira isafishwe kila siku, maana shira inaalika fangasi. Vikombe navyo vina usafi wake. Katika miji ya Urusi ya Kisovieti mashine za maji ya gesi zilisimama barabarani, kopeki 1 kwa maji matupu na kopeki 3 kwa maji yenye shira, na mji mzima ulinywea glasi moja iliyosuuzwa kwa maji tu. Sisi tuna kumbukumbu za kipindupindu, hatuwezi kufuata njia hiyo. Kila mtu na kikombe chake, kama wanavyofanya wateja wa maziwa wa Nairobi, na kwa kuwa mizani inatoa uzito wa chombo chochote, kikombe cha bati kinafaa sawasawa na glasi.

Kuna pia hatari ya gesi yenyewe. Watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanaijua mazuku: mabonde madogo ambamo kaboni dioksidi hutoka ardhini na kulala chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, ikaua mbuzi, mbwa na mtoto aliyeinama kuokota kitu. Kibanda kilichofungwa madirisha, chenye mtungi unaovuja usiku kucha, kinaweza kuwa mazuku. Mtungi ukae nje, kivulini, umefungwa kwa mnyororo usianguke.

Nikisema soda sina maana ya kola peke yake. Ukiniuliza ningeweka nini ndani ya mashine ya Bariadi, ningejibu ukwaju, ambao mti wake umejaa katika nchi kavu ya Meatu na Maswa, na ubuyu, na tangawizi ambayo Watanzania tayari wanaipenda ikiwa na gesi. Ukwaju una ukali wake wa asili na unapatana na gesi vizuri. Chupa ya mililita 350 ya kola ina sukari gramu 35 au zaidi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki kwenye 25. Mashine inayopima inaweza kumpa mteja kitufe cha sukari nusu, jambo ambalo chupa haikuwahi kulifanya. Kwa mgonjwa wa kisukari anayekwenda harusini na kukabidhiwa soda kwa heshima, kitufe hicho kina thamani kuliko mashine nzima.

Haya yote yanawezekana hapa. SIDO imekuwepo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo vya namna hii, mashindano ya MAKISATU yameanza kuwapa wabunifu jukwaa tangu 2019, na uwanja wa Nyakabindi, ulioandaa Nane Nane ya kitaifa, upo hapo hapo Bariadi. Maswa ilitengeneza chaki, Meatu ikafungasha maziwa. Anayeanza na soda hatakuwa wa kwanza mkoani kusikia kwamba jambo lake ni la watu wa mijini.

Kwa hiyo nakuomba wewe fundi unayesoma, uwe Bariadi, Lamadi au Mwanhuzi: ukishaiunda, kabla hujauza kikombe cha kwanza, ipeleke kwa Shirika la Viwango (TBS) wakague maji na shira, na uwaite Wakala wa Vipimo wahakiki mizani. Kisha nunua jiwe la mizani la gramu 200 lililohakikiwa, lifunge kwa mnyororo ubavuni mwa mashine, na uandike kwa herufi kubwa kwamba mteja yeyote anaruhusiwa kuliweka pale pa kikombe na kusoma namba mwenyewe, bila kununua kitu.